Mbawakawa wa Ardhini Hutambuliwa kwa Tumbo

Anayetaka kumjua mbawakawa wa ardhini asiishie kumtazama mgongo. Mgongoni huyu ni mdudu mweusi tu, mara nyingine kahawia au kijani kinachong'aa, na weusi wa namna hiyo wanao wadudu wengi wasio ndugu zake: watoboa mbao, wala mizoga, waharibifu wa nafaka ghalani. Mgeuze. Utambulisho wake uko pale miguu ya nyuma inapoungana na mwili.

Mguu wa mdudu huanzia kwenye nyonga, kipande kifupi kinachoushikiza mguu kwenye kifua. Kwa mbawakawa walio wengi, nyonga za nyuma zinacheza. Kwa huyu zimegandamana na bamba la kifua, hazisogei hata kidogo, tena zimepanuka kuelekea nyuma hadi zikalikata bamba la kwanza la tumbo vipande viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia. Kwa mdudu mkubwa alama hiyo inaonekana kwa macho matupu. Kwa mdogo wa milimita tatu utahitaji lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi. Ukishaiona, umemtenga na takriban asilimia 90 ya mbawakawa wote duniani.

Oda ya mbawakawa, Coleoptera, ina spishi zipatazo 400,000 zilizokwisha kupewa majina, na imegawanywa katika nusuoda nne. Nusuoda mbili ni ndogo sana. Ya tatu, Polyphaga, ndiyo iliyowabeba karibu wote tunaowafahamu: fukusi, vimetameta, wala samadi, hata yule chonga anayetoboa minazi. Ya nne ni Adephaga, yenye nyonga zilizogandamana. Humo wamo mbawakawa wa majini wenye miguu bapa ya kuogelea, na wamo hawa wa nchi kavu wenye miguu myembamba ya kukimbia, familia ya Carabidae. Familia hii peke yake ina spishi zipatazo 40,000, kuanzia wadogo wa milimita moja na ushei hadi majitu ya Afrika yenye urefu wa sentimita tano.

Kwa nini nyonga, na si rangi? Rangi hubadilika upesi. Wadudu wawili wa spishi moja waweza kuwa mmoja kijani na mwingine shaba, na wadudu wasiohusiana kabisa waweza kufanana rangi kwa sababu wanaishi mahali pamoja au wanamkwepa adui mmoja. Nyonga ni maungio. Imeshikamana na misuli, na misuli na mwendo, na mwendo na namna mdudu anavyopata chakula chake. Kiungo cha namna hiyo hakibadiliki ovyo, na ndiyo maana mtaalamu wa uainishaji hukiamini.

Tazama basi mguu huo wa nyuma unavyofanya kazi. Kati ya nyonga na paja kuna kipande kikubwa chenye umbo la punje ya haragwe, kilichokaa ubavuni mwa paja. Ndani yake hupita misuli inayolizungusha paja. Mwaka 1977 mtafiti M. E. G. Evans alieleza faida yake: mdudu huyu huingiza kichwa chake bapa katika ufa wa udongo au chini ya majani makavu, kisha huusukuma mwili mbele na kuuinua juu kwa nguvu ya miguu ya nyuma, akijipanulia njia. Hachimbi kama fuko. Anapenya. Mwili wake wote umeumbwa kwa kazi hiyo: bapa, laini, hauna kinachokwama.

Mbele kuna kichwa kinachoelekea mbele, wala hakikuinama chini, chenye taya mbili zilizopindana. Vipapasio ni vyembamba mithili ya uzi, vina pingili 11, na vimechomoza kati ya jicho na shina la taya. Vipapasio hivyo ndivyo pua yake, hivyo havina budi kuwa safi. Kwenye muundi wa mguu wa mbele, upande wa ndani, pana pengo dogo lenye nywele ngumu zilizojipanga kama meno ya chanuo. Kipapasio huburutwa humo na kutoka safi. Kwa makundi ya kale pengo hilo ni mfereji tu karibu na ncha ya muundi. Kwa makundi yaliyozuka baadaye ni pengo lenye kina, na mwiba mmoja umepanda juu kukizuia kipapasio kisiponyoke. Mwanafunzi wa wadudu hawa hujifunza kulitafuta pengo hilo mapema sana, kwa sababu linagawanya familia nzima.

Kuna pia nywele za hisia. Juu ya kila jicho pana unywele mmoja, au nywele mbili, wala si popote bali kwenye kishimo chake maalumu. Unywele mmoja ukiongezeka au kupungua, kundi linabadilika. Mtu asiyezoea atasema huu ni upuuzi wa wataalamu. Lakini nimeona mara nyingi wadudu wawili weusi, wa urefu uleule, waliokaa sanduku moja kwa jina moja, wakitenganishwa na unywele huo. Na baada ya hapo tofauti nyingine zikajitokeza zenyewe, katika taya, katika chakula, katika msimu wa kuzaa.

Mgongoni kuna mabawa mawili magumu yenye mistari iliyochorwa kwa urefu, na chini yake, pengine, mabawa laini ya kurukia. Nasema pengine kwa sababu spishi nyingi zimeyapoteza, na kwa baadhi mabawa magumu yameungana yakawa gamba moja. Hali hii imeenea hasa milimani na visiwani, jambo ambalo Philip Darlington alilichambua mwaka 1943. Afrika Mashariki ni mahali pazuri mno pa kuliona. Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walizunguka huku mwaka 1911 na 1912, wakapanda milima mirefu na kukusanya wadudu, na Jeannel akaja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa familia hii. Milimani huko wapo mbawakawa wadogo wasioruka. Kwao kilele ni sawa na kisiwa: mdudu asiye na mabawa hawezi kuvuka nyika yenye joto akafika mlima wa pili.

Jeannel ndiye pia aliyesisitiza kuchunguza kiungo cha uzazi cha dume, ambacho hufichwa ndani ya tumbo. Kwa spishi zinazofanana kwa kila kitu nje, umbo la kiungo hicho mara nyingi ndilo linalotoa hukumu. Hadi leo anayeelezea spishi mpya hukichora.

Uainishaji wenyewe una historia ndefu. Carl Linnaeus alilitumia jina Carabus mwaka 1758. Pierre André Latreille akaiunda familia mwaka 1802. Na Pierre Dejean, jenerali katika jeshi la Napoleon, akakusanya mbawakawa wa zaidi ya spishi 20,000 na kuandika juzuu nzito juu ya hawa wa ardhini. Ubishi haujaisha. Mbawakawa wakimbiaji wa mchangani, wale Cicindela wenye macho makubwa na miguu mirefu wanaoruka hatua chache mbele yako njiani, wamewekwa ndani ya Carabidae na kutolewa mara kadhaa. Alama yao ni kwamba bamba la juu ya mdomo limepanuka kuyapita mashina ya vipapasio. Mwaka 2020 Daniel Duran na Harlan Gough walitumia vinasaba kutetea kwamba hao ni familia yao wenyewe, na mimi naona hoja yao ina nguvu. Kwa upande mwingine, wadudu wa jenasi Paussus wenye vipapasio vipana kama sahani, waishio ndani ya viota vya chungu, walionekana zamani kuwa wa ajabu mno hata wakapewa familia yao. Sasa wamo humu. Tumbo lao liliwasaliti.

Hata jina la ardhini halitoshi. Katika misitu ya tropiki wengi wanaishi mitini. Terry Erwin, bingwa wa familia hii aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyefukiza miti ya aina moja nchini Panama, akapata spishi zipatazo 1,200 za mbawakawa, na mwaka 1982 akakadiria kwamba spishi za wadudu na jamaa zao duniani zinaweza kufika milioni 30. Makadirio hayo yamepunguzwa sana na waliomfuata, lakini yalibadilisha namna wanasayansi wanavyouona msitu.

Kitu kimoja wanacho mbawakawa wote wa ardhini: tezi mbili mwishoni mwa tumbo zinazotengeneza kemikali za kujihami. Charles Darwin alizionja. Akiwa kijana anayesoma Cambridge, alishika mbawakawa mmoja kila mkono, akaona wa tatu, akamtia mmoja kinywani ili apate nafasi. Akaungua ulimi, akamtema, na akawakosa.

Waliofika mbali zaidi kwa silaha hii ni mbawakawa wafyatuaji. Katika kifuko kimoja huweka mchanganyiko wa haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi. Wakibanwa, misuli huusukuma mchanganyiko huo kwenye chumba cha pili chenye kuta nene, ambako vimeng'enya huvunja peroksaidi, oksijeni ikatoka, haidrokwinoni ikawa kwinoni, na joto likapanda hadi nyuzi 100 za Selsiasi. Mvuke hutoka kwa mpasuko unaosikika. Mwaka 1990 Thomas Eisner na wenzake walionyesha kwamba mfyatuo huo si mmoja, bali ni mfululizo wa midundo midogo takriban 500 kwa sekunde. Mwaka 2015 watafiti walioutazama kwa eksirei wakafafanua kwamba mlipuko wenyewe ndio unaofunga mlango wa kifuko, na shinikizo likishuka mlango hufunguka tena. Spishi ya Afrika, Stenaptinus insignis, ilipigwa picha na Eisner na Daniel Aneshansley, zikatolewa mwaka 1999: hubanwa mguu wowote, na ncha ya tumbo hugeuka kuulenga mguu uleule, hata kwa kupitisha mvuke juu ya mgongo.

Jitu la nyika zetu, Anthia, mweusi mwenye mabaka meupe au ya manjano, hurusha asidi ya fomiki. Jichoni inauma vibaya. Wanyama wanamjua. Katika Kalahari, mjusi mchanga wa Heliobolus lugubris ni mweusi mwenye michirizi myeupe, na hutembea kwa kukakamaa huku mgongo umepinda, akimwigiza Anthia. Akikua huwa rangi ya mchanga na hutembea kama mijusi wengine. Raymond Huey na Eric Pianka waliyaeleza hayo mwaka 1977.

Chakula cha mbawakawa wa ardhini kinamhusu mkulima moja kwa moja. Wengi huwinda usiku: mayai ya wadudu, viwavi, vidukari walioanguka, konokono. Baadhi hula mbegu za magugu. Wale wakubwa wa jenasi ya Calosoma humtapikia kiwavi majimaji ya kumeng'enya chakula, kisha humnyonya akiwa tayari ameanza kuyeyuka. Hapa kwetu Calosoma huonekana palipo na viwavijeshi, wazazi na lava wao wakila pamoja. Mwaka 1905 Marekani ilianza kuleta Calosoma sycophanta kutoka Ulaya ili apambane na nondo aliyekuwa akiimaliza misitu ya New England, na wazao wake wapo huko hadi leo.

Tefflus, mweusi mwenye mabawa yaliyojaa matuta na vishimo, ni mla konokono. Konokono mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki aliposambaa Pasifiki na kuwa balaa, Tefflus zanzibaricus alikuwa miongoni mwa wawindaji waliopelekwa Hawaii katika miaka ya 1950. Konokono mla konokono aliyepelekwa huko wakati uleule akageukia konokono wa asili wa visiwa hivyo na kuwaangamiza wengi. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kumtunza mwindaji pale alipozaliwa kabla ya kumtafutia kazi ng'ambo.

Kumtunza hakuhitaji fedha. Dawa inayoua kila mdudu humuua huyu kwanza, kwa sababu hutembea juu ya udongo uliopuliziwa usiku kucha. Kingo za shamba zenye nyasi, matandazo, na kulima pasipo kugeuza udongo kila mara humpa mahali pa kujificha mchana.

Kwa walimu wa biolojia na maafisa ugani nina ombi. Fukieni kopo tupu shambani hadi mdomo wake ulingane na ardhi, liwekeeni kifuniko kilichoinuliwa kuzuia mvua, na asubuhi mtazame kilichoanguka. Wageuzeni kwa kibanio, si kwa vidole, mzihesabu spishi, kisha muwaachie. Mkichukua wachache kwa kumbukumbu au kuwapeleka makumbusho, andikeni kwenye kikaratasi kijiji, tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari na zao lililokuwapo. Mdudu asiye na kikaratasi hicho hana thamani kwa sayansi, hata awe wa spishi isiyowahi kuonekana.