Unaweza Kusoma Kirusi cha Corona kwa Lapi Yako, na Hulipi Hata Ndururu

Bado unadhani mambo ya DNA ni ya wasee wa koti jeupe peke yao? Pole. Ukiwa na lapi ya kawaida, hata ile ya mtumba, na bando kidogo, hii rada ni yako pia.

Kuna kitu inaitwa Biopython. Ni zana za bure za kusoma DNA na protini, zinazotumia Python (lugha ya kuandika programu, si yule nyoka, tulia). Ilianza 1999 na hadi leo inajengwa na watu wa kujitolea. Unaweza kuifungua uone vile imetengenezwa ndani, ubadilishe, na hakuna mtu atakudai leseni.

Chukua Corona. Maagizo yote ya kutengeneza hicho kirusi ni herufi 29,903 tu, za A, C, G na T. Faili yake ni kama KB 30. Manze, selfi yako ni nzito kuliko hiyo! Iko bure kwenye hifadhi ya NCBI huko Marekani, namba NC_045512. Wanasayansi wa KEMRI kule Kilifi walikuwa wakisoma herufi kama hizi kujua ni Corona gani inazunguka Kenya.

Sasa, ile miiba ambayo kirusi hutumia kushika seli zako ina jeni yake, kuanzia herufi ya 21,563 hadi ya 25,384. Unaikata hapo, unaandika translate(), na Biopython inasoma herufi tatu tatu hadi ikupe protini nzima, asidi amino 1,273.

Lakini hapa ndipo wengi huchomeka. Python huhesabu kuanzia 0, si 1. Kwa hivyo unakata [21562:25384]. Ukianzia 21563, umeruka herufi moja, na kila kikundi cha tatu kinasonga. Noma ni kwamba programu haitakataa. Itakupa onyo dogo kuwa herufi hazigawanyiki kwa tatu, kisha ikuletee protini ya uongo, imepangika poa kabisa. Fikiria mtu akitumia hiyo kutafuta dawa.

Kabla hujashangilia, angalia mwanzo wa jibu lako. Ukiona MFVFL, uko sawa. Ukiona CLFFL, rudi nyuma herufi moja.