Jiko la kale Mji Mkongwe: soko dogo linalomlipa mwenye chokaa, makuti na vyungu

Na Mwandishi Wetu

MAZUNGUMZO ya ukarabati wa nyumba za kale Zanzibar mara nyingi huishia kwenye milango ya nakshi na vibaraza. Jikoni huachwa mpaka mwisho, na fedha zikiwa zimekwisha, fundi huambiwa apige lipu ya saruji, abandike vigae vyeupe vya dukani na kutundika chungu kimoja ukutani ili paonekane pa zamani. Miaka michache baadaye lipu inabanduka, mgeni aliyelipia kulala katika nyumba ya karne ya 19 anakuta jiko la juzi, na mwenye nyumba anaingia gharama mara ya pili.

Habari hii inamhusu mkulima wa minazi na mfinyanzi kuliko wanavyodhani. Karibu kila kitu kinachohitajika kulirudisha jiko la kale katika hali yake hakipatikani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kinatoka shambani, kwenye tanuu la chokaa na kwa akina mama wanaosuka na kufinyanga. Ni soko dogo, lakini lipo, na anayelielewa ndiye atakayeuza.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu nchini Kenya ukafuata mwaka 2001. Sehemu kubwa ya majengo ya Mji Mkongwe ni ya karne ya 19. Mwenye nyumba hawezi kubomoa na kujenga apendavyo, kwani ipo mamlaka ya uhifadhi wa mji huo iliyoundwa mwaka 1985, na kibali chake kinatakiwa kabla fundi hajashika sururu. Kwa hiyo mahitaji ya vifaa vya asili hayatokani na mapenzi ya watalii peke yake. Yanatokana pia na taratibu za uhifadhi.

Zamani ipi?

Kosa la kwanza la wenye nyumba ni kuagiza "jiko la zamani" bila kusema ni la zamani ipi. Muuzaji naye huleta chochote chenye kutu. Jiko la mwaka 1870 na jiko la mwaka 1955 ni vitu viwili tofauti, na mchuuzi anayejua tofauti hiyo huaminiwa haraka.

Jiko la mwaka 1870 lilikuwa na mafiga matatu, kuni, vyungu vya udongo, mitungi ya maji na, kwa wenye uwezo, vyombo vya shaba vilivyopakwa bati kwa ndani. Sufuria nyeupe za alumini hazikuwamo. Njia rahisi ya kuzalisha alumini kwa wingi iligunduliwa mwaka 1886, na kabla ya hapo madini hayo yalikuwa ghali mno kutengenezea vyombo vya kupikia. Jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu nalo lilibuniwa Sweden mwaka 1892. Jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma kwa ndani, ambalo wengi hulidhani ni la mababu, lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukiliweka katika jiko la karne ya 19 umekosea kwa miaka mia moja.

Hii haina maana kwamba kila nyumba irudishwe karne ya 19. Ikiwa bibi wa nyumba alipikia sufuria za alumini na jiko la pampu miaka ya 1950, na rafu zake za mbao bado zipo, basi hilo ndilo jiko la nyumba hiyo. Kulivunja ili kujenga jiko la kubuni la enzi za masultani ni kutupa mali halisi na kununua ya bandia.

Enzi ya jiko husomwa ukutani. Masizi huonyesha mahali pa moto. Matundu ya boriti huonyesha palipokuwa na dari au rafu. Ukikwangua kwa uangalifu sehemu ndogo ya ukuta utaona tabaka za chokaa, moja juu ya nyingine, na rangi zilizopakwa baadaye. Zaidi ya hayo, wazee waliokulia katika nyumba hiyo waulizwe kabla ya fundi kuitwa. Watasema maji yalikaa wapi, nani alikunia nazi upande gani, na moshi ulitokea wapi. Katika nyumba nyingi za mawe za Lamu, kwa mfano, jiko liliwekwa juu kabisa kwenye paa, chini ya makuti, ili moshi na joto visisumbue vyumba vya chini.

Ukuta hautaki saruji

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Kuta hizi hunyonya unyevu na kuutoa tena. Lipu ya chokaa huuacha unyevu upite, lakini lipu ya saruji huufungia ndani. Chumvi inayotokana na hewa ya bahari hujikusanya nyuma ya saruji na kuisukuma mpaka ibanduke kwa mabamba. Baya zaidi, unyevu uliofungiwa hufika kwenye ncha za boriti zilizopachikwa ukutani na kuziozesha. Boriti ikioza, dari hushuka. Hapo suala si sura ya jiko tena, ni roho za watu.

Ndiyo maana mwenye chokaa nzuri ana soko. Mawe ya chokaa hupangwa pamoja na magogo kwenye tanuu na kuchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 900. Yakipoa humwagiwa maji. Kazi hii ni ya hatari, kwani chokaa mbichi huchemka na kurusha matone yanayoweza kupofua jicho, hivyo miwani ya kazi na glavu si anasa. Baada ya hapo chokaa hulowekwa kwenye shimo au pipa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na mafundi wazuri hupendelea iliyokaa kwa miezi.

Hapa ndipo penye faida. Anayeuza chokaa ikitoka tu tanuuni anauza malighafi. Anayeiloweka, akaichuja na kuiuza kwa ndoo ikiwa tayari, anauza muda wake pia, na mwenye nyumba aliyebanwa na ratiba atalipia muda huo.

Tupige hesabu ya jiko moja la mita 3 kwa mita 4, lenye kuta za mita 3 kwenda juu. Mzunguko wake ni mita 14, hivyo kuta zote zina mita za mraba 42. Tukitoa mita 4 za mlango na madirisha zinabaki 38. Lipu ya unene wa sentimita 2.5 itahitaji mchanganyiko wa karibu mita moja ya ujazo. Kwa kipimo cha chokaa moja kwa mchanga tatu, ni ndoo kama 16 za lita 20 za chokaa iliyolowekwa na ndoo 48 za mchanga. Ongeza kidogo kwa upotevu na kwa niru, yaani lipu laini ya mwisho. Fundi atataka mchanga usio na chumvi, kwa hiyo wa ufukweni haufai.

Jambo la kuzingatia ni chanzo cha mawe na kuni. Kuvunja matumbawe hai baharini ni kuharibu mazalia ya samaki na kumwibia mvuvi jirani yako. Mawe ya nchi kavu na kifusi safi cha majengo yaliyoanguka vinatosha. Kwa kuni, magogo ya minazi iliyozeeka na kuacha kuzaa ni afadhali kuliko kukata miti ya msituni.

Boriti na makuti

Upana wa vyumba vingi vya nyumba za kale za pwani, karibu mita 2.5 hadi 3, ulitokana na urefu wa boriti za mikoko. Anayetaka kubadili boriti iliyooza atatafuta ya aina hiyo hiyo, na kwa desturi huuzwa kwa korija, yaani 20 kwa mara moja. Lakini mikoko inalindwa kisheria pande zote za pwani yetu. Mchuuzi asiye na kibali cha idara ya misitu anaweza kupoteza mzigo na fedha. Katika biashara hii karatasi ya kibali ni sehemu ya bidhaa, na mwenye hoteli makini ataiomba.

Makuti hayana kizuizi hicho. Kwa jiko la juu ya paa au la uani, makuti yaliyoshonwa kwa kubana hudumu miaka kadhaa tu, kisha hubadilishwa. Kwa mwenye nyumba hilo ni usumbufu, lakini kwa mshonaji ni oda inayojirudia. Mwenye busara huandika tarehe aliyoezeka kila paa, na mwaka wa kubadilisha ukikaribia huwa wa kwanza kubisha hodi.

Vyombo na wanaovitengeneza

Jiko lililokamilika huhitaji mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kinu na mchi, ungo, kata na pawa za vifuu, kawa za kufunikia chakula, susu ya kamba ya kuning'iniza vyakula visifikiwe na panya, chano cha mbao, mitungi, vyungu na mikungu yake. Hesabu ni vitu vingapi kati ya hivyo hutoka kwenye mnazi na mkindu. Kifuu kinachotupwa baada ya kukuna nazi, makumbi yanayochomwa na ukindu unaokua pembeni mwa shamba vyote vina mnunuzi.

Kwa vyungu, mahali navyo vina maana kama wakati. Vyungu vya Wakisi wa kando ya Ziwa Nyasa ni kazi nzuri inayojulikana nchi nzima, lakini havikuwa vyombo vya jiko la Unguja. Anayevipeleka huko aviuze kama mapambo ya Kisi. Mfinyanzi wa visiwani ndiye mwenye haki ya oda ya jiko la visiwani.

Vyombo vya shaba vinataka tahadhari. Bati la ndani likichakaa, vyakula vyenye uchachu kama ukwaju na ndimu huila shaba na chakula huwa sumu. Vipakwe bati safi upya, wala visipakwe risasi. Kama hakuna fundi wa kazi hiyo, vikae ukutani kama pambo.

Kipya nacho kiuzwe kama kipya. Wapo wanaofukia kinu kwenye tope na kukipaka masizi ili wakiuze kama cha babu. Mnunuzi akigundua hatarudi, na atawaambia wenzake. Wapo pia wanaong'oa rafu na milango kutoka nyumba zinazobomoka ili kupamba nyumba nyingine. Huko ni kuua nyumba moja ili kuvisha nyingine, tena kunamnyima kazi seremala ambaye angetengeneza rafu mpya ya mfenesi au msaji kwa mtindo ule ule.

Moto wa leo

Jiko la kale linaweza kubaki na sura yake bila kumtesa mpishi kwa moshi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mafiga yanaweza kubaki mahali pake kwa maonyesho na siku za sikukuu, na jiko la gesi likawekwa nyuma ya kabati la mbao lenye matundu ya hewa. Mtungi wa gesi ukae nje, mbali na moto. Chini ya makuti pasiwashwe moto wa wazi bila ndoo za mchanga na maji karibu.

Using'oe mihogo

Ushauri kwa mkulima ni kwamba hili si zao la kuachia shamba. Nyumba za kale ni chache, na jiko moja likikamilika halitahitaji chokaa tena kwa muda mrefu. Asitokee mtu akakopa na kuchimba matanuu matano kwa sababu amesoma makala haya. Faida ya biashara hii ni kwamba inatumia mabaki ambayo tayari unayo, na kazi ya miezi ambayo shamba halina shughuli.

Wanaotaka kujaribu waungane watatu au wanne: mwenye chokaa, mshonaji wa makuti, mfinyanzi na seremala. Wamwendee fundi anayefanya ukarabati, kwa kuwa ndiye anayeshauri nini kinunuliwe. Wapeleke sampuli. Waandikiane idadi, vipimo na tarehe, na wachukue malipo ya awali yanayotosha angalau gharama za vifaa. Mwenye nyumba naye aagize chokaa kabla ya kitu kingine chochote, kwani ndiyo inayochukua muda mrefu kuwa tayari.