Maji, Mafuta na Gazeti Lako

Pitisha kidole nyuma ya ukurasa wa kitabu cha zamani kilichopigwa chapa kwa herufi za risasi. Pengine utahisi vinundu vidogo, kwa maana herufi ziligandamizwa kwa nguvu katika karatasi. Siku hizi magazeti na vitabu vingi hupigwa chapa kwa namna nyingine iitwayo ofseti, na kurasa zake ni laini. Bati lake halina herufi zilizoinuka. Basi, wino hujuaje mahali pa kushika?

Jibu limo jikoni mwako. Paka mafuta nusu ya sahani, kisha nyunyiza maji. Penye mafuta maji hayatulii. Alois Senefelder wa Munich, Ujerumani, aliitumia siri hiyo karibu mwaka 1798. Aliandika juu ya jiwe la chokaa kwa wino wa mafuta, akalilowesha jiwe, akalipaka wino. Wino ukashika penye maandishi tu, penye maji ukakataa.

Mtambo wa ofseti hufuata njia hiyo hiyo. Badala ya jiwe, liko bati jembamba la alumini, ambalo maandishi na picha hutiwa kwa nguvu ya mwanga. Bati hufungwa kwenye gurudumu refu. Kwanza hupakwa maji, kisha wino. Wino huhamia kwenye gurudumu lililovikwa mpira, na huo mpira ndio unaogusa karatasi. Maji yakizidi, maandishi hufifia. Yakipungua, ukurasa huchafuka.

Kwa nini mpira? Mwanzoni mwa miaka ya 1900, huko New Jersey, Marekani, mpiga chapa Ira Rubel aliona ajabu. Karatasi ilipokosa kuingia mtamboni, wino ulibaki kwenye mpira, na karatasi iliyofuata ikapata chapa mgongoni pia. Kumbe chapa ile ya mgongoni ilikuwa safi kuliko ya mbele! Mpira ni laini, hufuata hata karatasi yenye mikwaruzo.

Picha za rangi huhitaji mabati manne: la buluu, la wekundu wa waridi, la manjano na la nyeusi. Vitone vidogo vya rangi hizo huchanganyika machoni mwetu.

Haya yawafaa ninyi mnaoagiza vitabu vya nyimbo au kadi za shule. Gharama ya kutengeneza bati ni ile ile, mkichapisha nakala 50 au 5,000. Kwa hiyo unganeni na vijiji jirani, mwagize pamoja. Tena kosa lililoingia katika bati litarudiwa katika kila nakala, na kulisahihisha ni kutengeneza bati jipya kwa fedha zenu. Mkiletewa karatasi ya majaribio, msitie sahihi upesi. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole katika maandishi yenu ya asili: majina yote, tarehe zote, hesabu zote. Kazi hiyo ya saa moja huokoa fedha ya wengi.