Je, Wajua? Spishi ya Mbung'o Husomwa Miguuni

Ukimpiga picha nzi aliyetua kwenye dirisha la gari mbugani Serengeti, swali la kwanza hujibika upesi: ni mbung'o au si mbung'o? Tazama mabawa. Mbung'o akitulia huyalaza moja juu ya jingine barabara, yakafunika tumbo lote. Nzi wa zizini naye ana mrija wa kufyonzea damu uliochomoza mbele, ila mabawa yake hukaa yameachana. Picha ikiwa kali zaidi, chungulia katikati ya bawa: mishipa imezunguka kijichumba chenye umbo la shoka. Nzi mwingine hana shoka hilo.

Tabu huanza ukiuliza ni mbung'o yupi. Spishi na nususpishi zake (jenasi Glossina) ni takriban 30, nyingi za rangi ya kahawia, na urefu wao ni kati ya milimita 6 na 14. Sasa mabawa yaliyokusaidia yanakukwamisha, kwa kuwa yameficha michirizi ya tumbo, na picha ya kutoka juu haionyeshi nyayo. Wapigaji wengi hukimbilia uso kwa sababu macho na mrija vinavutia. Kwa kazi ya utambuzi, picha moja safi ya mguu wa nyuma yashinda kumi za uso.

Mguu wa mbung'o huishia kwenye pingili tano ndogo. Kwa mbung'o wa savana, yaani kundi la morsitans, pingili mbili za mwisho za mguu wa nyuma ndizo nyeusi, zilizobaki zimepauka. Kwa kundi la palpalis, wapenda mito na maziwa, akiwamo Glossina fuscipes wa kando ya Ziwa Victoria anayeeneza malale, pingili zote tano ni nyeusi ukizitazama kwa juu. Ukishajua ni kundi la savana, hamia miguu ya mbele na ya kati. Glossina pallidipes haina weusi kwenye ncha za miguu hiyo. Glossina swynnertoni inao. Spishi hizi mbili huruka pamoja Serengeti, na weusi huo mdogo hukata shauri.

Si kila mara. Swynnertoni na spishi ya Glossina morsitans zimefanana mno, na ili kuwa na uhakika dume hulazwa chali chini ya darubini, kisha viungo vya uzazi vilivyokunjwa chini ya ncha ya tumbo hufunuliwa kwa sindano. Kamera ya simu haifiki huko, na anayetaja jina kwa uhakika kutokana na picha ya mgongo peke yake anabahatisha. Rangi ya mwili nayo haiaminiki: aliyeshiba damu huvimba na kuiva wekundu, aliyekufa siku nyingi hufifia.

Bawa halififii rangi kirahisi hivyo wala halibadiliki umbo, ndiyo maana watafiti hulikata, wakalibandika kwenye kioo na kulipiga picha. Kila mishipa inapokutana huwekwa nukta, kisha umbo linalopatikana hupimwa. Maelfu ya mabawa ya pallidipes na morsitans yamekusanywa katika kituo cha Rekomitjie, bonde la Zambezi, nchini Zimbabwe, na mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya kuifundisha kompyuta itafute yenyewe nukta 11 katika kila picha ya bawa.

Jina lina kazi kubwa. Mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi yenye asetoni na mkojo wa ng'ombe humvuta pallidipes kwa wingi, lakini Glossina austeni haijali sana mitego ya aina hiyo, hivyo hunaswa kwa vibao vyenye gundi. Unguja ilikuwa na spishi moja tu, hiyo Glossina austeni. Madume yalifugwa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi na kumwagwa kisiwani kwa ndege, ili majike yakipandana nayo yasizae, kuanzia mwaka 1994, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Shimba Hills, Kenya, mambo ni magumu zaidi: austeni huishi humo pamoja na pallidipes na Glossina brevipalpis, na dume tasa wa spishi moja hamalizi kizazi cha nyingine.