UFA PEKEE HAULETI MAFUTA

Mtu asimamaye bondeni mwa Mto Mara na kuinua macho upande wa kaskazini huuona ukuta wa Utimbaru. Ukuta ule si kilima tu: ni alama ya ufa mkubwa wa ardhi utokao Isuria, huko Kenya. Na kwa kuwa mafuta ya Uganda na ya Turkana yalipatikana kando ya nyufa, ndugu zetu wa Turwa wana haki kuuliza: je, kwetu nako hayapo?

Swali hili ni la maana, nasi hatupendi lijibiwe na walanguzi wa mashamba.

Mafuta hayazaliwi na ufa. Huzaliwa katika mashapo, yaani matope yaliyotuama ziwani au baharini pamoja na mabaki ya viumbe, yakafukiwa kina kirefu na kupikwa na joto la ardhi. Kazi ya ufa ni kushusha ardhi ili bonde lipokee mashapo hayo; kisha huwa mlango au kitasa. Udongo wa mfinyanzi ukikokotwa ndani yake, mafuta huzuilika. Ukiwa wazi, hupanda na kupotea. Huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert, ambako wanawake wamechemsha chumvi tangu kale, mafuta huchuruzika yenyewe. Bwana E. J. Wayland aliandika habari za mafuta ya Uganda mwaka 1925, na kisima cha Waki kikachimbwa mwaka 1938; lakini mafuta yafaayo biashara hayakuthibitishwa hata mwaka 2006. Subira ya namna hiyo si haba! Kenya nayo ilipata mwaka 2012, katika kisima cha Ngamia 1, karibu na ufa mkuu wa bonde la Lokichar.

Ufa uliofunikwa huonekanaje? Wataalamu huitikisa ardhi kwa magari mazito au kwa baruti, na vyombo vilivyotandazwa juu hunasa mwangwi urudio kutoka kila tabaka. Tabaka likikatika ghafula na kuendelea chini zaidi, hapo pana ufa. Kisima nacho hushuhudia. Tabaka lijulikanalo likikosekana, mara nyingi kimepita katika ufa ulioshusha ardhi. Likionekana mara mbili, upande mmoja umesukumwa juu ya mwenziwe.

Sasa turudi Utimbaru. Miamba ya Tarime ni ya kale mno, yenye umri uzidio miaka milioni 2,500, na ndiyo iliyobeba dhahabu ya Nyamongo. Ufa upo, lakini bonde la mashapo ya kina halijulikani hapo. Basi anayeambiwa kwamba shamba lake lina mafuta na aulize kwanza: mashapo yana unene gani, na picha za mitetemo ziko wapi?

Gesi ya Songo Songo, iliyovumbuliwa mwaka 1974, imo katika mashapo ya pwani. Kwa upande wa bara, Shirika la Maendeleo ya Petroli limekuwa likipeleleza bonde la Eyasi na Wembere, kusini ya Serengeti, ambako ufa na mashapo vimekutana.