Fahamu: Faida ya uendeshaji ni nini?

Mwaka 2023 shirika la ndege la Kenya Airways lilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5. Mwaka huohuo, hesabu zake zilifungwa kwa hasara ya zaidi ya bilioni 22. Wengi waliuliza: lipi ni kweli?

Yote mawili. Faida ya uendeshaji hupatikana kwa kuchukua mapato ya biashara yenyewe, yaani tiketi na mizigo, kisha kutoa gharama za kuifanya: mafuta, mishahara, matengenezo, ada za viwanja na uchakavu wa mali. Riba za mikopo, kodi ya mapato na, kwa kampuni nyingi, hasara ya ubadilishaji wa fedha za kigeni huja baadaye.

Hapo ndipo Kenya Airways ilipoumia. Ilikuwa na madeni makubwa ya dola, na ndani ya mwaka 2023 dola ilipanda kutoka takriban shilingi 123 hadi 156. Deni lilivimba bila hata ndege moja kukosa abiria. Shilingi ilipoimarika mwaka 2024, shirika lilipata faida halisi ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja.

Kwa hiyo kipimo hiki cha faida ya uendeshaji kinaonyesha kama kazi yenyewe inalipa. Hakionyeshi kama kampuni inaumudu mzigo wa madeni, na wakurugenzi hupenda kukitangaza mwaka ukiwa mbaya. Kabla hujanunua hisa, soma taarifa ya mapato hadi mstari wa mwisho.