Sikukuu Ni Darasa: Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Apewe Kazi ya Mikono

Desemba ikikaribia, madarasa mengi ya watoto wenye mahitaji maalumu hupambwa kwa theluji ya pamba. Mtoto hupewa picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe aipake rangi, mwalimu hurekebisha pale rangi ilipovuka mstari, kisha picha hubandikwa ukutani wazazi waione. Ukuta unapendeza, lakini mtoto amejifunza nini? Theluji hajawahi kuigusa. Krismasi anayoijua yeye huja na jua, maembe, na foleni ya magari yanayotoka Kampala kwenda vijijini. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hujifunza kwa anachokishika, anachokinusa na anachokionja, na theluji ya pamba haimpi harufu wala ladha ya Krismasi anayoijua.

Msimamo wangu ni huu: shughuli ya sikukuu inayomfaa mtoto huyu ni ile ambayo matunda yake yatatumika siku yenyewe. Yataliwa, yatavaliwa, yatatolewa zawadi au yatapeperushwa. Mtoto akifanya kazi ambayo familia inaihitaji kweli, hupata stadi, na hupata pia nafasi yake katika sherehe ambayo miaka yote ameitazama akiwa amekalishwa pembeni.

Uganda haijakosa msingi wa kufanya hivyo. Katiba ya mwaka 1995 iliitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, wakati ambapo nchi nyingi duniani zilikuwa hazijaitaja kabisa lugha hiyo katika katiba zao. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila familia, maelekezo yalikuwa watoto wenye ulemavu wapewe kipaumbele. Walimu wa watoto hawa wanafundishwa hapa hapa jijini, Kyambogo, ambako taasisi ya taifa ya elimu maalumu, UNISE, iliunganishwa na vyuo vingine mwaka 2003 kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo. Sheria ipo na walimu wapo. Kinachopungua mara nyingi ni kuamini kwamba mikono ya mtoto huyu inaweza kazi.

Imani hiyo ina historia ndefu. Daktari Maria Montessori wa Italia, kabla ya kufungua shule yake mashuhuri jijini Roma mwaka 1907, alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, akifuata nyayo za Mfaransa Édouard Séguin. Vifaa vya kushika na kupanga vinavyotumika leo katika shule za chekechea za gharama kubwa vilianzia kwa watoto ambao jamii ilikuwa imewakatia tamaa.

Oktoba: bendera ya kupapasa

Tarehe 9 Oktoba, siku ya Uhuru, huangukia katikati ya muhula wa tatu, kwa hiyo shule ina wiki kadhaa za maandalizi. Bendera ya Uganda ni somo la hisabati lililokamilika. Ina mistari sita ya mlalo: nyeusi, njano, nyekundu, kisha nyeusi, njano, nyekundu tena. Mtoto anayeweza kutaja au kushika mstari unaofuata tayari ameelewa mpangilio unaojirudia, na huo ni mlango wa kuhesabu.

Kwa mtoto asiyeona, tengeneza bendera ya kupapasa. Mstari mweusi uwe wa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, ambavyo kila fundi wa barabarani anavyo. Wa njano uwe wa punje za mahindi makavu zilizogandishwa kwa gundi. Mwekundu uwe wa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Baganda wamekitengeneza kwa karne nyingi na ambacho utengenezaji wake UNESCO imeutambua kama urithi wa utamaduni usioshikika. Mpira unateleza, mahindi yana vinundu, lubugo unakwaruza kidogo. Katikati weka duara la kitambaa cheupe laini, na juu yake korongo mwenye taji aliyekatwa katika boksi gumu, anayetazama upande wa mlingoti. Mtoto anayeona afanye kazi na asiyeona katika meza moja, mmoja akipaka gundi na mwingine akipanga, na siku ya gwaride la shule bendera hiyo ibebwe mbele.

Desemba: jikoni na sokoni

Likizo ndefu huanza Desemba na kuendelea hadi shule zifunguliwe mwaka unaofuata. Katika majuma hayo mtoto anaweza kupoteza stadi alizohangaikia mwaka mzima, kwa sababu nyumbani kila kitu anafanyiwa. Hapa kazi inamwangukia mzazi, na jikoni ndiko pa kuanzia.

Chukua luwombo, chakula cha heshima cha Buganda ambacho nyumba nyingi hukipika siku ya Krismasi. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilegee, ule uti mgumu wa katikati huondolewa, nyama au mchuzi wa karanga huwekwa ndani, kisha jani hukusanywa na kufungwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kulipitisha jani motoni ni kazi ya mtu mzima. Lakini kulifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kumenya karanga, kuzimimina katika kinu na kushika ncha ya kamba mama anapofunga ni kazi ambazo mtoto anaweza kufundishwa. Kumenya karanga hutumia kidole gumba na cha shahada kwa pamoja, mkao ule ule unaohitajika kushika penseli na kufunga kifungo cha shati. Tahadhari moja: mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepata shida kumeza asiachiwe karanga nzima mdomoni, maana zinaweza kumkaba. Zake zisagwe laini.

Sokoni nako kuna somo. Mtayarishie mtoto orodha ya picha tatu tu: nyanya, kitunguu, ndimu. Kabla ya kutoka, mfundishe sarafu kwa kuzishika. Ya shilingi 100 ina ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, ya 200 ina samaki, ya 500 ina kichwa cha korongo. Hapa kuna mtego ambao walimu hawana budi kuujua: sarafu ya 100 ni pana kuliko ya 500. Mtoto anayepima thamani kwa ukubwa atatoa ya 500 akidhani ametoa kidogo. Mzoeze kutambua kwamba ya 500 ina rangi ya manjano, ni nene na ni nzito mkononi.

Shanga za kalenda ya zamani

Zawadi ya Mwaka Mpya isinunuliwe. Wanawake wa Acholi Quarter, mashariki mwa jiji letu, wameonyesha kwa miaka mingi jinsi karatasi kuukuu inavyogeuka mkufu. Kila nyumba ina kalenda inayokaribia kutupwa. Kata karatasi yake katika pembetatu ndefu na nyembamba, yenye kitako cha sentimita mbili hivi. Weka kijiti kwenye kitako, viringisha kuelekea ncha, paka gundi kwenye ncha, kisha chomoa kijiti. Ushanga umepatikana.

Siri ya kumfundisha mtoto anayejifunza polepole ni kuanza na hatua ya mwisho. Wewe kata, viringisha na paka gundi. Yeye achomoe kijiti. Kwa tendo hilo moja anauona ushanga mzima ukitoka mkononi mwake. Akishalimudu, mwongezee la kupaka gundi, halafu la kuviringisha, mpaka kazi yote iwe yake. Tukianzia mwanzo, mtoto huchoka kabla hajaona matunda, na akichoka mara mbili tatu hakai tena mezani.

Kwa mtoto ambaye vidole vyake vimekakamaa, tumia penseli nene badala ya kijiti, na karatasi ya mstatili badala ya pembetatu, iliyobanwa mezani kwa utepe wa gundi. Ikibidi kumsaidia, mkono wako ukae chini ya wake. Tukimkamata mkono kwa juu, sisi ndio tunaofanya kazi na yeye anaburutwa. Mkono wake ukiwa juu, anahisi mwendo na anaweza kuondoka akitaka. Vanishi ipakwe na mtu mzima, nje ya nyumba, kwa sababu ya harufu yake.

Iddi na mwezi unaochelewa

Watoto wengi wenye usonji hutulia wakijua kesho kuna nini. Sikukuu ya Iddi el-Fitri huwapa mtihani, kwa kuwa tarehe yake hungoja mwezi uonekane. Msimwahidi mtoto siku moja. Tengenezeni kadi mbili: moja ina mwezi mwandamo na nguo mpya, nyingine ina futari. Jioni familia ikipata habari, yeye ndiye atundike kadi sahihi ukutani. Jambo lililokuwa likimvuruga linageuka kazi anayoimudu.

Iddi el-Hajj ina somo la kugawa. Ni desturi nyama ya kuchinja igawanywe mafungu matatu: ya nyumbani, ya ndugu na majirani, na ya maskini. Siku chache kabla, mpe mtoto bakuli tatu zenye picha na tende tisa, azipange mpaka kila bakuli liwe na idadi sawa. Siku yenyewe, fungu la jirani alipeleke yeye, akiongozana na kaka au dada.

Umati, kelele na kiziwi mezani

Safari ya kijijini ina mengi ya kumchosha mtoto: kituo cha mabasi, muziki wa spika, fataki za usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Pangeni safari kwa kadi, yaani begi, teksi, basi, nyumba ya jjajja (bibi au babu), na kila hatua ikiisha mtoto aiondoe kadi yake. Kijijini mtengeeni chumba au kivuli cha kupumzikia, na ndugu waelezwe kwamba kujitenga kwake si utovu wa adabu.

Mtoto kiziwi naye hurudi likizo kutoka shule kama ile ya viziwi ya Ntinda, ambako kila mtu anatumia alama, akakutana na familia inayomwonyesha chakula kwa kidole tu. Kazi yake ya sikukuu iwe kufundisha. Kila jioni kabla ya Krismasi awape wazazi, shangazi na binamu alama mbili, kama vile za maji, nyama, asante, njoo au cheza. Siku ya kula, hakuna anayepakuliwa kabla hajaomba kwa alama.

Mwisho, andikeni. Katika daftari la kawaida, mbele ya kila kazi, mzazi aonyeshe kama mtoto aliifanya kwa kushikwa mkono, kwa kuonyeshwa, kwa kukumbushwa, au peke yake. Shule ikifunguliwa daftari hilo limfikie mwalimu, ili muhula uanzie pale likizo ilipoishia.

Wakuu wa shule, toeni mafunzo ya kazi hizi kwa wazazi kabla ya kufunga muhula, kwa sababu mzazi asiyeonyeshwa hawezi kulaumiwa. Na wewe mzazi mwenzangu, sikukuu ijayo chagua kazi moja tu, ya kweli, inayohitajika nyumbani kwako, na umkabidhi mwanao. Atachelewa, atamwaga, ataharibu jani moja au mawili. Mvumilie, amalize mwenyewe, na wageni waambiwe ni kazi ya nani.